Mwanamke Aliyengoja Njia Tano

Asubuhi Kokuhirwa alipokwenda kisimani alimkuta mwanamke ameketi katikati ya Njia Tano. Jioni aliporudi kutoka kupalilia maharage akamkuta pale pale, hajasogea hata kwa kulikimbia jua. Hilo lilimshangaza. Mwaka ule watu wa Ruanda walikuwa wakipita kila siku, wanaume kwa wanawake, ngozi imeshikana na mifupa, kwa kuwa kwao njaa ilikuwa imekaa kitako na haina dalili ya kuaga. Waliomba maji, wakaomba ndizi hata kama ni mbichi, kisha wakashika njia yao kwenda Murongo wavuke kuingia Uganda, ambako ilisemekana kuna kazi na chakula. Wote walikuwa wapitaji. Huyu alikuwa ameketi.

Mahali hapo paliitwa Njia Tano kwa sababu njia tano zilikutana hapo kama vidole kwenye kiganja. Ya magharibi ilitoka mto Kagera, ya kaskazini ilikwenda Murongo, ya mashariki ilikwenda Kyaka na mwishowe Bukoba, ya kusini Nyakasimbi. Ya tano, nyembamba, iliteremka bondeni hadi kisimani. Vijiji vitatu vilipakana hapo, na kila kijiji kilikuwa na mkungu wake, yaani mkubwa wa kijiji. Likija lori la Mhindi kununua kahawa, kila mkungu alisema Njia Tano ni yake. Ikija amri ya kufyeka majani na kufukia mashimo, kila mmoja alimnyooshea kidole mwenzake. Nyumba ya Kokuhirwa na mumewe Pastory ilikuwa ya karibu kuliko zote, nyuma ya migomba, na kwa hiyo shida za Njia Tano zilibisha hodi kwao kwanza.

Tena pale palikuwa na sifa mbaya. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, mganga alimwogesha dawa, na maji yale yakaenda kumwagwa pale zinapokutana njia, ili maradhi yampande mpita njia wa kwanza. Pastory na mkewe walikuwa Wakatoliki waliobatizwa, na walisema hayo ni mambo ya kale. Hata hivyo Kokuhirwa akiona kipande cha kibuyu pale njiani alikiruka, asikikanyage.

Alimwamkia yule mwanamke kwa Kinyambo, naye akaitikia kwa Kinyarwanda. Lugha hizo ni ndugu, wakaelewana. Aliitwa Nyirakamana. Mumewe, Munyaneza, alimwacha pale siku iliyotangulia, akamwambia akae asiondoke, yeye anakwenda kutafuta chakula. Nyirakamana alikuwa ameinamisha kichwa kwa uchovu. Alipokiinua mume hayupo, na hakuona ameshika njia ipi.

Kokuhirwa akamwambia aje nyumbani apumzike, nyumba si mbali. Mwanamke akatikisa kichwa.

"Njia ni tano, mama," alisema. "Nikiwa hapa, atatokea kwa yoyote atanikuta. Nikiondoka, nimempoteza kwa zote."

Maneno hayo yalikuwa na akili ndani yake. Kokuhirwa alirudi nyumbani, akapakua ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, akampelekea. Mwanamke alikula nusu. Nusu nyingine akaifunga vizuri kwenye jani, akaiweka ubavuni pake. Hakusema ni ya nani, na hakuulizwa.

* * *

Pastory alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza habari ile akinoa panga, na kesho yake mapema akaenda Njia Tano na miti minne na mzigo wa majani makavu ya migomba. Alimjengea yule mwanamke kibanda kidogo pembeni ya njia, kilicho wazi pande zote ili aweze kuona, akawasha moto mbele yake wa kumfukuza fisi. Kisha akaenda kwenye kahawa yake, na hakulitaja jambo hilo tena.

Lakini watu walilitaja. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla ya wao wenyewe kufika. Baada ya misa wanaume walimzunguka Pastory wakimpongeza kwa mke wa pili, tena wa bure, asiyetolewa hata kibuyu kimoja cha rubisi, pombe ya ndizi. Walicheka kama watani, naye akajaribu kucheka nao, lakini Kokuhirwa aliyaona masikio ya mumewe yakibadilika rangi. Upande wa wanawake hawakucheka. Mmoja alimuuliza kwa upole kama ni kweli anapika chungu kimoja na mtu wa njia panda. Mwingine alisogeza gauni lake kando Kokuhirwa alipopita, kidogo tu, kama mtu anayekwepa tope.

Mkungu wao, Anatory, aliwasubiri nje ya uzio wa kanisa. Alisema yeye hana neno na mwanamke yule, ila pale alipokaa si kwake, ni kwa mkungu wa Nyakasimbi. Mkungu wa Nyakasimbi alikuwa ameshapelekewa habari, naye akajibu kwamba mwanamke ameketi upande wa njia ya Kyaka. Huko nako wakasema hawamjui.

"Basi kwa kuwa wewe Pastory umemjengea," alisema Anatory, "mimi nitasema ni mgeni wako. Akifa, utamzika wewe. Akileta ndui, tutakuuliza wewe."

Pastory alijibu kwamba amesikia. Njiani kurudi nyumbani Kokuhirwa alitembea nyuma yake akitazama mgongo wake, akijua kwamba mwanamume huyu hajutii kibanda, ila ameumia.

* * *

Jambo lenyewe lililowabana halikuwa mkungu. Lilikuwa Placidia, binti yao. Harusi yake na Gosbert wa Rubwera ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Ndizi za pombe zilikuwa zimeshafukiwa kwenye shimo ziive, na mashangazi walikuwa wanakuja. Jumatatu asubuhi akafika Kashaija, mshenga wa upande wa Gosbert, mzee mnene mwenye koti la kijeshi alilopewa na mwanawe. Alipokewa kama ilivyo desturi, akakaribishwa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Alitafuna punje moja, akaiteremsha, akasifu migomba. Akatafuna ya pili, akauliza habari za mvua. Kokuhirwa aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, akijua kwamba mtu hatoki Rubwera kuja kusifu migomba.

"Waitu, ndugu zangu," Kashaija alisema hatimaye, "bibi harusi hupita njia. Hana mabawa. Na njia yetu sisi inapita Njia Tano."

Pastory akasema ndivyo ilivyo.

"Wazee wa kwetu wamesikia kuna mtu ameketi pale. Mimi nimepita leo, nimemwona kwa macho yangu. Mjane si mjane, mke si mke, ameketi mahali ambapo watu humwaga mikosi yao. Wanasema bibi harusi akimpita mtu wa namna hiyo, naye atakuja kuketi njiani kumngoja mume. Mimi sisemi ni kweli. Mimi ni mdomo tu wa walionituma."

Aliendelea kwa adabu ile ile. Hakuna aliyetaka kuvunja ndoa, ila itakuwa vigumu kuja Jumamosi kama njia haijasafishwa. Labda waahirishe hadi baada ya mavuno. Hapo Pastory na Kokuhirwa waliinamisha macho, kwa sababu kuahirisha ni jina la heshima la kuvunja, na kila mtu kijijini angejua hivyo. Kashaija alisindikizwa hadi mwisho wa migomba. Kisha, ili asimpite Nyirakamana mara ya pili, akazunguka kwa kukata katikati ya shamba la mihogo ya watu, koti lake likinasa kwenye miti.

Placidia alikuwa jikoni, amesikia yote. Hakulia. Alisema yeye amemngoja Gosbert tangu mwaka juzi, alipokwenda vitani na watu wakasema hatarudi, na alirudi. Huyu mgeni amengoja siku chache tu na tayari amewafunga wote miguu. Kwa nini baba asimwondoe? Kwani kumwondoa ni kumuua? Amwongoze hadi njia ya Murongo, afuate wenzake.

"Hataenda," Kokuhirwa alisema.

"Basi abebwe."

Kokuhirwa hakumkemea. Binti alikuwa na haki ya kuitaka harusi yake. Lakini aliuona moyoni mwake ule mwili mwepesi ukibebwa na wanaume kama mzigo wa kuni, macho yakigeuka huku na huku kutazama njia zote tano, na akajua kwamba hataweza kuishi karibu na mahali pale baada ya hapo. Jioni alimwambia mumewe aliloliamua. Mwanamke hataondoka mpaka mumewe apatikane. Basi atafutwe mume.

Pastory alisema ana harusi ya kutayarisha na dunia ni kubwa. Kisha akauliza kama anajua hata sura ya huyo mtu.

Kokuhirwa alikuwa ameshauliza. Munyaneza alikuwa mrefu, na sikio lake la kushoto lilikatwa ncha na ng'ombe alipokuwa mdogo. Tena alikuwa ameshawauliza wapita njia wa pande zote. Mchukuzi mmoja wa ngozi alimwambia kwamba barabara ya kwenda Murongo inapanuliwa, na mbele ya Rubwera kuna kambi ya wachimbaji ambapo nyapara anawaandika kazi Wanyarwanda wengi na kuwalisha.

"Utakwenda peke yako?" Pastory aliuliza.

"Ndiyo."

"Hutakwenda peke yako," alisema, akaenda kutafuta fimbo yake.

* * *

Walitoka Jumanne alfajiri, wamewaachia mashangazi harusi na chakula cha Nyirakamana. Pastory alibeba ndizi za kuchoma na kibuyu cha maji. Walitembea kutwa, wakalala kwa binamu yake, na Jumatano kabla ya adhuhuri wakaifikia kambi. Ilikuwa vibanda vya nyasi kando ya udongo mwekundu uliochimbuliwa, na wanaume kifua wazi wakipiga majembe kwa mkupuo mmoja. Nyapara hakuwa mtu mbaya. Aliwaambia wangoje wakati wa chakula, wamtafute wamtakaye.

Walimjua kwa sikio. Alikuwa ameshika bakuli la uji wa mahindi, na alipoona watu wawili wasiojulikana wakimwendea alilifunika kwa mkono, kama mtu aliyezoea kunyang'anywa. Kokuhirwa alimwamkia, akamwambia wametoka Njia Tano.

Munyaneza aliweka bakuli chini. Hakukimbia, hakukana. Aliuliza kwanza kama mkewe bado yu hai. Alipoambiwa yu hai, na kwamba yuko pale pale alipomwacha, aliuacha uji hadi ukaanza kufanya ngozi juu.

Alisimulia akitazama majembe. Siku ile alishika njia ya Murongo kwa sababu aliona moshi upande huo. Alitembea mbali kuliko alivyokusudia. Alifika kambini kesho yake jioni, wakampa chakula, akala chote. Alikuwa amejiambia kwamba atabakiza.

"Nilikula kwanza ili nipate nguvu za kurudi," alisema. "Nilipomaliza nikaona hakuna cha kupeleka. Nikasema nifanye kazi siku moja, nipeleke cha kesho. Kesho nikala tena. Siku zikapita, mama. Kila siku aibu inakuwa ndefu kuliko njia."

Kokuhirwa alimwambia aibu haina haja, mkewe hana hasira, hata nusu ya chakula anachopewa anamwekea. Alidhani hilo litamsimamisha. Badala yake mtu yule alifunika uso.

Kisha akasema lililobaki. Walitoka kwao wakiwa wanne. Watoto wawili waliwazika njiani, wa pili kabla tu ya kuvuka Kagera. Tangu hapo kila akimtazama mkewe anawaona wale watoto usoni pake, na anaona kwamba naye atamzika. Hapa kambini anapiga jembe, anakula, analala, haoni mtu. Nyapara amesema wakimaliza, atawavusha Uganda, wanaume peke yao, bila wake.

"Sirudi," alisema. "Mwambieni hamkuniona."

Pastory akamwambia kwamba mtu hafanyi hivyo. Alilisema bila kupandisha sauti. Munyaneza alikubali kwamba mtu hafanyi hivyo. Akachukua bakuli lake, akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa kilima cha udongo ambako hawangemwona. Kokuhirwa alitaka kumfuata. Mumewe akamshika mkono.

* * *

Njia nzima ya kurudi walibishana, kwa sauti ya chini, kama watu waliobeba mgonjwa. Pastory alisema wamwambie Nyirakamana kwamba mumewe amekufa. Mfu ana heshima yake. Mwanamke atalia, atanyoa nywele, watu watamlilia pamoja naye, na hata wazee wa Rubwera wataridhika, kwa kuwa mjane ana mahali pake duniani. Aliyeachwa hana.

"Nami nitamwangaliaje, naye anamlilia mtu anayekunywa uji?" Kokuhirwa aliuliza.

"Utamwangalia kama watu wanavyoangaliana kila siku. Nani anamwambia mwenzake yote?"

Kokuhirwa alijua kuna ukweli katika hayo. Alijua pia kwamba uongo ule ungekuwa rahisi kwake yeye kuliko kwa Nyirakamana, kwa sababu ungeisafisha njia ya Placidia mara moja, na hilo ndilo lililomfanya auogope. Walipolala tena kwa binamu, alikaa macho. Alhamisi mchana, mteremko wa mwisho, Pastory alisimama akamwachia atangulie.

"Sema utakaloona linafaa," alimwambia. "Mimi sitakukanusha."

Nyirakamana aliwaona wakija kwa njia ya Murongo akasimama. Macho yake yalipita juu ya mabega yao kutazama nyuma. Hakukuwa na mtu nyuma. Alikaa tena. Kokuhirwa alikaa mbele yake chini, kwenye vumbi la njia panda, mahali ambapo siku zote alipita kwa kuruka.

"Nimemwona," alisema. "Yu hai. Haji."

Nyirakamana hakupiga kelele. Alitazama mikono yake. Ndege walikuwa wanalia kwenye migomba, na mpita njia mmoja akapita akawaamkia, hakuitikiwa.

"Yuko wapi?"

"Kambini, mbele ya Rubwera. Anachimba barabara."

"Anakula?"

"Anakula."

"Mashavu yake yamerudi?"

Kokuhirwa alifikiri kidogo ili asikosee. "Yameanza kurudi," alisema.

Nyirakamana akaitika kwa kichwa, polepole. Alisema Munyaneza akiwa na njaa husaga meno usingizini, na njia nzima kutoka kwao alikuwa akimsikia. Kisha akauliza kama amesema habari za watoto. Kokuhirwa akajibu kwamba amesema. Hapo ndipo mwanamke alipolia, bila sauti, mdomo wazi, na Kokuhirwa akamshika mabega hadi kilio kikamwisha. Pastory alikuwa amesimama mbali akiwapa mgongo, akikwangua udongo kwenye fimbo yake.

Baadaye Nyirakamana alichukua kile kifurushi cha jani la mgomba kilichokuwa ubavuni pake. Alikifungua, akakila chote, ndizi baridi za tangu asubuhi. Akakunja jani, akalitupa. Akainuka kwa kushika goti, akatazama pande zote kama mtu aliyeamka ugenini.

"Nyumba yenu iko upande gani?" aliuliza.

Ilikuwa pale pale mbele, paa lake likionekana juu ya migomba, na moshi wa mashangazi ukitoka. Kokuhirwa akamwonyesha kwa mkono.

* * *

Jumamosi watu wa Gosbert walitoka Rubwera na ngoma. Pastory alikuwa amekibomoa kibanda na kuitumia miti yake kuongeza kivuli cha wageni. Placidia, amefunikwa shuka jeupe, aliaga bila kulia sana. Kabla ya kutoka alipita jikoni nyuma ya nyumba, ambako Nyirakamana alikuwa amekaa na mashangazi akimenya ndizi za kuwapikia wageni kwa kisu kidogo. Walitazamana. Placidia hakuwa hodari wa kuomba radhi, na hakuomba. Alipiga magoti tu kama apigavyo binti kwa mkubwa wake, akaamkia, na Nyirakamana akaitikia, akamgusa kichwani kwa mkono uliokuwa umejaa utomvu wa ndizi.

Wageni walikaribishwa kula kabla ya safari. Kashaija alikaa mahali pa heshima, koti lake limefungwa vifungo vyote. Alisema amefurahi kuona njia ni nyeupe. Akainama karibu na Pastory akauliza kwa siri yule mwanamke amekwenda wapi.

"Yupi?" Pastory alisema. "Njia Tano hakuna mtu. Umepita mwenyewe."

Kashaija akakubali kwamba hakuna mtu. Aliegemea ukutani, akafuta mdomo, akasifu mapishi ya nyumba ile, na kumwomba Kokuhirwa amwongezee ndizi. Kokuhirwa akaichukua sahani yake, akaipeleka jikoni kwa aliyezipika.